MasterChef Ilipohamia Australia

Katika mwezi wa Julai 2010, zikiwa zimesalia wiki nne hivi kabla ya Waaustralia kwenda kupiga kura, mdahalo wa waziri mkuu Julia Gillard na hasimu wake Tony Abbott uliwahishwa hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa sababu ambayo mgeni asiyeijua nchi ile angeidhania mzaha: usiku wa Jumapili hiyohiyo palikuwa na fainali ya mashindano ya mapishi, na hakuna mwanasiasa aliyethubutu kushindana nayo. Mdahalo ukapita, na watazamaji wapatao milioni 4, katika taifa la watu milioni 22, wakaketi kumwangalia wakili Adam Liaw, mzaliwa wa Penang nchini Malaysia, akipambana na kijana Callum Hann kuiga kitindamlo cha mpishi mashuhuri Peter Gilmore chenye umbo la yai na weupe wa theluji. Na Liaw ndiye aliyeshinda.

Asili ya mashindano hayo si Australia. MasterChef ilizaliwa Uingereza mwaka 1990, kwa fikra za mwongozaji wa filamu Franc Roddam, ikaonyeshwa na BBC kama kipindi cha staha na utulivu, ikasita kwa muda, kisha ikafufuliwa mwaka 2005 kwa kasi na vishindo zaidi. Tangu hapo imenunuliwa na nchi nyingi, na inafaa msomaji afahamu kinachouzwa katika biashara hii, maana aghalabu watu hudhani ni kipindi chenyewe. Kinachouzwa ni kalibu: jina na nembo, utaratibu wa majaribio, namna ya kumtoa mshiriki mmoja baada ya mwingine, na maelekezo marefu yanayomwonyesha mnunuzi jinsi ya kuyapanga hayo yote. Watu, chakula, maskhara na machozi, hayo mnunuzi huyatafuta kwao.

Kampuni ya televisheni ya Network Ten, ilipoianza kazi hiyo mwezi wa Aprili 2009, haikuridhika kuiga. Ilikitandaza kipindi katika jioni sita za wiki, hata washiriki wakawa kama jamaa wa nyumbani kwa watazamaji, na jioni ya Ijumaa ikatengwa kwa masomo, ambapo hakutolewa mtu bali majaji wenyewe walifunga aproni wakafundisha. Majaji hao walikuwa watatu: George Calombaris na Gary Mehigan, wapishi wenye migahawa yao, na Matt Preston, mwandishi wa habari za chakula ambaye skafu zake za shingoni zilijulikana kama hukumu zake. Hawakutukana. Ilhali mashindano mengi ya namna hii hupata ladha yake kwa kumfedhehesha mtu hadharani, hawa walimtakia kila mshiriki afaulu, na mshiriki aliyeunguza chakula alikumbatiwa na wapinzani wake. Wala msomaji asidhani upole huo ulikuwa sadaka: maduka makubwa ya Coles yalikuwa miongoni mwa wadhamini, na kila pishi lililoonyeshwa usiku lilikuwa, kwa upande mwingine, orodha ya manunuzi ya kesho yake.

Mshindi wa kwanza alikuwa Julie Goodwin, mama wa watoto watatu, ambaye chakula chake kilikuwa cha nyumbani wala hakikujisingizia kuwa kingine. Alimshinda Poh Ling Yeow, msanii mzaliwa wa Malaysia, na wako waliolalamika kwamba sanaa imeshindwa na mazoea. Mimi naona lalamiko hilo lilikuwa na haki kiasi. Lakini Poh hakupotea, kwani baadaye alipewa kipindi chake mwenyewe, na katika yeye na Liaw watazamaji walikwisha kuona jambo ambalo kalibu ya Kiingereza isingeweza kulileta ndani ya sanduku lake, yaani majiko ya wahamiaji.

Jambo hilo lilifika upeo wake mwaka 2021. Kishwar Chowdhury, aliyezaliwa Melbourne kwa wazazi wa Kibengali, aliwaandalia majaji katika fainali panta bhat, nacho ni wali uliolowekwa majini usiku kucha ukaliwa asubuhi, chakula cha wakulima na makabwela wa Bengali tangu enzi na enzi. Sisi tuliolelewa kwa kiporo hatuhitaji sherehe ya maneno ili kukielewa. Yeye alikitia moshi, akakiandamanisha na viazi vya kuponda na dagaa, akakiweka mbele ya watu waliozoea kuhukumu vitindamlo vya Kifaransa; na huko Bangladesh na Kolkata watu wakajadiliana kwa siku kadhaa, wengine kwa fahari, wengine kwa mshangao kwamba mlo wa umaskini umepanda daraja kiasi kile. Naam, swali linabaki kama kiporo kile kingepokewa vema lau kisingevikwa moshi na mapambo ya mkahawa. Nadhani kisingepokewa, maana mizani ya majaji, pamoja na ukarimu wao wote, bado ilikuwa ya mikahawa ya fahari. Chowdhury alishika nafasi ya tatu, na dola za Australia 250,000 zikamwendea Justin Narayan, mwenye nasaba ya Fiji na India.

India nayo ilikuwa imekwisha kununua kalibu ileile na kuanza MasterChef yake mwaka 2010, kwa Kihindi na kwa viungo vyake. Hata hivyo toleo la Australia liliporushwa huko lilipata wafuasi wengi, na wako waliolipenda kuliko lile lililotengenezwa kwa ajili yao.