Mwosha Huoshwa: Bibi Aliyetusitiri kwa Miaka 50

Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, ilitangazwa katika msikiti wetu hapa Ngamiani, Tanga, habari ya kufariki dunia kwa bibi mmoja wa mtaa huu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wanaume wakatawanyika kama ilivyo desturi: hawa wakaenda makaburini kuchimba, hawa wakashughulikia mbao na jeneza. Upande wa wanawake likazuka swali ambalo kwa zaidi ya miaka 50 halikupata kuulizwa mtaani petu: nani ataosha? Aliyekuwa akiitwa kila anapofariki mwanamke, usiku au mchana, ndiye huyo aliyelala kitandani amefunikwa shuka.

Jamaa zake wametuomba tusilitaje jina lake, kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa kwa jambo alilolifanya kwa ajili ya Allah. Tumeliheshimu ombi hilo. Asiyemjua na amwombee dua. Mola wake anamjua.

Marehemu aliishi miaka 80 na ushei. Alizaliwa zama za Mwingereza, na nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 alikuwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni, mumewe akifanya kazi katika shamba la mkonge. Kazi ya kuosha maiti hakuifuata; ilimfuata. Mama mkwe wake alipofariki, mwosha wa mtaa wa siku hizo alimwita awe mmwagaji wa maji. Alikuwa akituhadithia kwamba siku ile mikono ilimtetemeka hata kata ikamponyoka. Yule mzee hakumfukuza. Alimwambia aiokote, aendelee. Tokea hapo kila msiba ulipotokea alikwenda na kata yake, mpaka ikawa yeye ndiye anayeosha na wengine ndio wanaomwaga maji.

Wanawake waliosimama naye wanaukumbuka utaratibu wake. Hakuruhusu watu wengi chumbani. Alimwosha maiti akiwa amesitiriwa kwa shuka, mkono wake wa kushoto ukiwa umezungushiwa kitambaa. Alianza kwa kuondoa najisi, kisha akamtawadhisha, akaosha kichwa, akatanguliza upande wa kulia kabla ya kushoto. Maji yalitiwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, au alitumia sabuni yalipokosekana, na maji ya mwisho yalitiwa karafuu maiti. Aliosha mara tatu, na ilipohitajika mara tano au zaidi, kwa witri. Nywele alizisuka misuko mitatu. Mengi ya hayo ndiyo mafundisho ambayo Mtume (s.a.w.) aliwapa Ummu Atiyya na wenzake walipokuwa wakimwosha binti yake. Bibi yetu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja isipokuwa chuoni kwa maalimu, aliyahifadhi moyoni wala hakuyapunguza.

Zaidi ya hayo alikuwa msiri. Mwosha huona makovu, vidonda na alama za maradhi ambayo hata jamaa hawakuyajua. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu mtaani aliyesikia kwake neno juu ya maiti yeyote. Malipo hakupokea. Waliomshurutisha wakampa doti ya kanga, aliiweka sandukuni, na siku ya siku ikamsitiri mjane asiye na kitu. Sanda yake mwenyewe, vipande vitano kama ilivyo kwa mwanamke, aliinunua mara tatu. Mbili za kwanza ziliondoka na marehemu wengine ambao jamaa zao hawakuwa na uwezo.

Nyumbani alikuwa bibi kama mabibi wengine. Binti yake alipofariki alimwosha kwa mikono yake, kisha jioni ile ile akawakorogea uji watoto wanne walioachwa. Aliwalea wote, akawasomesha, akawaamsha Alfajiri kila siku mpaka kila mmoja akajiamsha mwenyewe.

Ni mmoja wa wajukuu hao aliyeinuka siku ile. Ni binti wa miaka 26, ambaye utotoni alikuwa akimbebea bibi yake ndoo. Wakaungana naye wazee wawili. Palipowatatiza waliuliza, na imamu, aliyeketi nje ya pazia, akawajibu jambo moja baada ya jingine. Kazi ambayo marehemu angeimaliza mapema ikavuka Magharibi, na maziko yakaahirishwa hadi asubuhi. Mwosha huoshwa, wanasema wahenga. Ila sisi nusura tumkose wa kumwosha mwosha wetu.

Hapa ndipo sisi wa kamati tunapolazimika kujisema. Baada ya maziko tulilifungua daftari la kumbukumbu za vikao. Tumekuta kwamba mara tatu, katika miaka tofauti, bibi huyu alituletea ombi lile lile: tumpatie mabinti awafundishe kuosha kabla hajaondoka. Mara zote tatu imeandikwa kuwa suala litajadiliwa kikao kijacho. Mara ya mwisho mwandiko ni wetu sisi tunaoandika makala haya. Vikao vilikuja, tukajadili mazulia, rangi za kuta na vipaza sauti. Tulijua kuwa kuosha maiti ni fardhi kifaya, na kwamba wakikosekana wa kuitekeleza dhambi ni ya wote. Lakini alikuwapo yeye, nasi tukastarehe.

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alipofariki, Masahaba walimzika bila ya kumjulisha Mtume, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipouliza na kuambiwa, aliwalaumu kwa kutomjulisha, akataka aoneshwe kaburi, akamsalia. Hakukuwa na cheo pale; palikuwa na ufagio tu, na Mtume hakuudharau.

Sasa kila Jumamosi baada ya Adhuhuri wanawake 12 wa mtaa wetu hukutana katika ukumbi wa madrasa. Mjukuu yule ndiye anayewaonesha, naye hutumia kata ya bibi yake. Nanyi wasomaji wetu, ulizeni katika misikiti yenu: anayewaosha mama zetu ni nani, ana umri gani, na nani anambebea ndoo? Mkimkuta ni mmoja na ni mzee, msilipeleke jambo hilo kikao kijacho.

Allah amsamehe bibi yetu, amsitiri kama alivyowasitiri waja Wake, ampanulie kaburi lake, na atujaalie mwisho mwema. Amin.