Vidole Visivyotumwa

Mtendaji wa kata yuko katikati ya muhtasari wa kikao, laptop bado inanukia upya. Kiganja kinateleza kidogo, na mara waraka wote haupo; imebaki picha ya mandhari na vialama vichache. Wazo la kwanza ni virusi. Kumbe vidole vitatu vimeburuzwa kuelekea chini kwenye tachipedi, na Windows, kwa utii wake, imeficha madirisha yote. Akibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi D, kazi yake inarudi kama ilivyokuwa.

Wengi wanaopewa laptop mpya maofisini na shuleni wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, wametokea kwenye simu na vishikwambi. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baada ya zoezi kwisha, na kwenye kioo kile kidole hugusa kile ambacho jicho linakiona. Tachipedi ni habari nyingine. Imelala pale pale viganja vinapopumzika wakati wa kuchapa. Chini yake kuna wavu wa nyaya nyembamba wenye umeme hafifu. Ngozi ikikaribia, umeme huo hubadilika, na kompyuta huhesabu vidole vilivyogusa na kufuata vinakoelekea. Nia ya mwenye vidole haimo katika hesabu hiyo.

Ishara hizi za vidole zilianza kama msaada. Wayne Westerman, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya mikono kwa kuchapa sana, alianzisha kampuni ya teknolojia ya kugusa, FingerWorks, mwaka 1998 pamoja na John Elias wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Apple iliinunua mwaka 2005, na MacBook Air ya 2008 ikaja na ishara za vidole vitatu. Leo ziko hata kwenye laptop za bei ya chini, tena zimewashwa tangu kiwandani.

Kuzizima ni kazi ya dakika chache. Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, fungua "Bluetooth & devices", kisha "Touchpad". Tafuta "Three-finger gestures". Hapo kuna orodha mbili: "Swipes" ni ya kuburuza, "Taps" ni ya kugonga. Zote mbili ziwekee "Nothing". Rudia hivyo hivyo kwenye "Four-finger gestures". Kwenye Windows 10 njia hupitia "Devices", halafu "Touchpad". Mwenye Mac aende "System Settings", "Trackpad", kisha "More Gestures".

Usizime kila kitu. Kusogeza ukurasa kwa vidole viwili kunafaa, hasa kwa asiye na kipanya. Kama maandishi hukua na kusinyaa yenyewe, zima "Pinch to zoom" peke yake. Kama mshale huruka kwenda mstari mwingine wakati wa kuchapa, shusha "Touchpad sensitivity" hadi "Low". Mwenye kipanya aondoe alama ya tiki kwenye "Leave touchpad on when a mouse is connected". Tachipedi italala kila anapokichomeka.

Iko ishara moja inayohitaji tahadhari zaidi: kuburuza vidole viwili kwenda pembeni ndani ya kivinjari. Ukurasa hurudi nyuma, na fomu iliyojazwa nusu huweza kupotea. Anayejaza taarifa za utendaji wake kwenye mfumo wa PEPMIS au kuomba tenda kupitia mfumo wa NeST aandike maelezo marefu kwanza kwenye Word, ndipo ayanakili. Kwenye Mac ishara hii huzimwa kwa "Swipe between pages". Kwenye Windows ukurasa ule wa tachipedi hauna swichi yake pekee, hivyo kipanya ndicho kinga rahisi.

Mpangilio wa tachipedi hufuata akaunti ya mtumiaji. Laptop ya ofisi yenye akaunti tatu itarekebishwa mara tatu.

Yapo pia mauzauza yasiyotokana na ishara. Joto la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijafika Dodoma, huleta jasho, na unyevu huichanganya tachipedi. Kitambaa kikavu kinatosha. Chaja duni au soketi isiyo na waya wa ardhi nayo huufanya mshale utetemeke. Chomoa chaja: ukitulia, umempata mchawi. Lakini tachipedi ikianza kuinuka au kugoma kubonyea, huenda betri iliyo chini yake imevimba. Hapo zima mashine, usiichaji tena, wala usiikandamize irudi mahali pake. Ipeleke kwa fundi ili betri ibadilishwe.