Filimbi Ndani ya Injini

Katika njia ya Kasese kwenda Bwera, huenda umepata kuisikia motokaa ya petroli ikitetemeka isimamapo, huku injini ikipiga filimbi nyembamba. Madereva wengi hulaumu plagi. Kumbe ni mpira wa hewa uliopasuka.

Pistoni ishukapo huvuta hewa kwa nguvu. Mvuto huo hupita katika mipira myembamba, na mmoja mnene huenda kwenye breki kuusaidia mguu wa dereva. Mpira ukipasuka, hewa huzidi petroli, na injini huyumba.

Kwanza tega sikio, mikono ikiwa mbali na feni. Kisha bana kwa vidole mpira mmoja mmoja karibu na injini. Ikitulia, umempata mwizi. Palipo na shaka dondoshea maji ya sabuni: sauti ikibadilika, ufa ndipo ulipo.

Mwisho, jaribu breki. Zima injini, kanyaga pedali mara 5, ishikilie chini, kisha washa. Isiposhuka kidogo, usiondoke. Ajuaye mteremko wa kutoka Kilembe kuja Kasese ataelewa kwa nini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.