Kabla ya Kulipia Cheti cha Kufundisha Kiingereza

Mkazi wa Nyakato anayetaka kuwa mwalimu wa Kiingereza hukutana na matangazo ya namna mbili. La kwanza ni la chuo cha ualimu, lenye masharti ya ufaulu, miaka ya masomo na ada inayolipwa kwa awamu. La pili humfikia kwa simu, lina picha ya ndege, na linaahidi cheti "kinachotambulika duniani kote" kwa masomo ya wiki chache mtandaoni. Yote mawili hutumia neno moja, cheti, lakini hayauzi kitu kimoja. Anayeitambua tofauti hiyo baada ya kulipa huwa amekwisha kupoteza ada, na pengine hata muda wa kuomba nafasi chuoni.

Tuanze na shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtu anayefundisha shuleni awe ameandikishwa kuwa mwalimu au awe na leseni ya kufundisha. Sharti hilo halizihusu shule za serikali peke yake. Shule za watu binafsi, zikiwemo za mchepuo wa Kiingereza, nazo zimo. Njia ya kawaida ya kulitimiza ni stashahada ya ualimu, ambayo mitihani yake husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, au shahada ya ualimu ya chuo kikuu. Kwa mkazi wa Mwanza njia hiyo haianzii mbali: Chuo cha Ualimu Butimba kimo jijini, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe. Cheti cha wiki nne kutoka ng'ambo hakishiki nafasi ya mafunzo hayo. Mwenye shule anaweza kukifurahia, lakini mthibiti ubora wa shule atauliza kingine.

Sasa tukitazame hicho cheti kifupi chenyewe. TEFL na TESOL ni vifupisho vya Kiingereza vinavyotaja kazi ya kumfundisha Kiingereza mtu ambaye si lugha yake ya kwanza. Havina mwenyewe. Yeyote, popote duniani, anaweza kuchapa cheti chenye herufi hizo bila kuvunja haki ya mtu, na ndiyo maana herufi peke yake hazimwambii mlaji lolote kuhusu ubora. Vyeti viwili katika kundi hili vina wenyewe wanaojulikana na vinaheshimiwa na waajiri wa nchi nyingi: CELTA, kinachotolewa na Cambridge, na CertTESOL cha Trinity College London. Cha kwanza hudai mafunzo yasiyopungua saa 120, cha pili saa 130. Katika vyote viwili mwanafunzi husimama mbele ya darasa la wanafunzi halisi kwa saa 6, huku mkufunzi akimtazama na kumpima.

Saa hizo 6 ndizo tunazoziona kuwa kiini cha jambo. Kanuni za sarufi mtu anaweza kuzisoma kitabuni. Namna ya kumfanya mtu mzima mwenye haya afungue kinywa darasani haisomwi, hufanywa. Kozi isiyo na mazoezi ya kufundisha inauza maarifa, nayo yana thamani yake, lakini bei isilingane na ya kozi iliyo nayo.

Wauzaji wengi wameichukua ile namba 120 na kuiweka katika matangazo yao. Ipigieni hesabu. Jumamosi na Jumapili kwa pamoja, usiku na mchana, zina saa 48. Anayesoma saa 4 kila Jumamosi atahitaji Jumamosi 30 kuzifikia saa 120. Tangazo linaloahidi saa hizo kwa mwisho wa wiki mmoja limejieleza lenyewe.

Kuna neno jingine la kuangaliwa: ithibati. Muuzaji husema kozi yake imepewa ithibati, na kweli huonyesha nembo. Swali ni nani aliyeipa mamlaka taasisi yenye nembo hiyo. Mwulizeni jina lake kamili, kisha mwandikieni mwenye jina moja kwa moja, si kupitia kiungo alichowatumia muuzaji. (Na msichanganye TEFL na TOEFL. Herufi moja inatenganisha mafunzo ya mwalimu na mtihani wa kupima Kiingereza cha mwanafunzi.)

Picha ya ndege inahitaji aya yake. Korea ya Kusini, ambayo hutajwa mara nyingi na wauzaji wa kozi hizi, huitoa viza yake ya kufundisha lugha, iitwayo E-2, kwa kuangalia uraia. Kwa Kiingereza, nchi zinazokubaliwa ni 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mtanzania mwenye cheti bora kuliko vyote bado hamo katika orodha hiyo. Katika nchi nyingine nyingi mwajiri hudai kwanza shahada, na cheti kifupi huwa cha kuongezea. Kwa hiyo muuzaji aulizwe ni nchi gani, viza gani, kwa raia wa wapi. Kisha jibu lake lipelekwe ubalozi wa nchi hiyo kabla ya malipo. Akiahidi na kazi pia, aonyeshe usajili wake wa uwakala wa ajira kutoka kwa Kamishna wa Kazi.

Hatusemi kwamba vyeti vifupi ni utapeli. Mwalimu aliyekwisha kufuzu hupata humo mbinu za kufundisha watu wazima ambazo huenda hakuzipata chuoni. Vivyo hivyo mhitimu wa shahada anayefundisha jioni wahudumu wa hoteli za Mwanza, au waongoza watalii wanaoingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kutegemea cheti hicho kimpe ajira ya shuleni ndiye tunayemhofia.

Anayenuia kukitumia cheti cha nje hapa nchini aulize mapema kama kitatambuliwa: NACTVET hushughulikia vyeti na stashahada, TCU hushughulikia shahada. Ada yote iandikwe, pamoja na mtihani, uchapaji na usafirishaji wa cheti, kwa kuwa zipo kozi zinazotangazwa kuwa za bure ambazo hutoza fedha cheti kinapoombwa. Masharti ya kurejeshewa fedha nayo yaandikwe.

Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Hifadhini picha ya tangazo, ujumbe wa malipo ya simu wenye namba ya muamala, na mazungumzo yote na muuzaji. Lalamiko lisilo na vitu hivyo hutusumbua kulithibitisha. Muuzaji asiye na ofisi nchini ni vigumu zaidi kumfikia, hata mkileta ushahidi wote.