Mtoto Asiyeganda Damu: Yapangwe Kabla Mto Haujajaa

Miongoni mwa siku za furaha katika nyumba ya Kiislamu ni siku ya kutahiriwa mtoto wa kiume. Hupikwa pilau, jamaa hukusanyika, na kufikia jioni mtoto amelala na kidonda kimetulia. Lakini zipo nyumba, chache mno, ambamo jioni hiyo kitambaa cha kwanza hulowa, cha pili kikalowa, na alfajiri ikaingia ilhali damu ingali ikichuruzika. Hapo wengine husema mtoto amehusudiwa, wengine humlaumu ngariba. Huenda si hasadi wala si ngariba. Huenda ni hemofilia, maradhi ya damu kutoganda, ambayo katika jamii zinazotahiri mara nyingi hujifichua kwa tohara.

Jambo hili halikuanza kujulikana jana. Tabibu wa Andalusi, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika katika Kitab al-Tasrif habari za wanaume wa kijiji kimoja waliokuwa wakifa kwa kutokwa na damu baada ya majeraha madogo. Leo sababu yajulikana. Damu ya mgonjwa ina upungufu wa protini ya kuigandisha: fakta ya nane kwa hemofilia A, au fakta ya tisa kwa hemofilia B. Aina ya A humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 5,000 wa kiume, na ya B mmoja katika 30,000 hivi. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mwenzake. Hutoka kwa muda mrefu zaidi, na aghalabu hutokea ndani, kusikoonekana: gotini, kiwikoni, tumboni, na mahali panapotisha kuliko pote, kichwani.

Hapa pana neno la kusemwa waziwazi. Hitilafu hii hupita kwa mama kwenda kwa mwana wa kiume, na kwa sababu hiyo wapo wanawake waliosimangwa kwa jambo ambalo hawakulichagua. Baba mwenye maradhi naye huwarithisha mabinti zake wote hitilafu hiyo, wakaibeba kimyakimya. Tena, takriban theluthi moja ya wagonjwa hutoka katika familia ambazo hazijapata kuuona ugonjwa huu kabla. Lawama haina pa kusimama.

Sasa tutazame kwetu. Dawa ya hemofilia ni kuirudisha ile fakta iliyopungua, kwa sindano ya mshipani. Wataalamu wa maradhi haya wana kanuni moja: akigonga kichwa, au akishukiwa kuvuja damu ndani, apewe fakta kwanza, vipimo vifuate. Lakini vituo vyenye ujuzi wa ugonjwa huu viko katika hospitali kubwa, kama vile Kenyatta, Nairobi, na Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Kutoka Garsen hadi Malindi pekee ni kilomita zipatazo 110, na Mombasa ni mbali kiasi hicho tena. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe huko Idsowe saa mbili usiku hana nafasi ya kungoja watu waanze kuulizana hemofilia ni kitu gani.

Ndiyo maana kazi yafaa ifanywe wakati mtoto ni mzima na anacheza. Mzazi amwombe daktari wa mtoto barua ya ukurasa mmoja: aina ya hemofilia na ukali wake, kiasi cha fakta kulingana na uzito, nambari ya simu ya daktari, na makatazo mawili yaandikwe kwa herufi kubwa, kwamba asipewe aspirini wala dawa za jamii ya ibuprofeni, na asichomwe sindano ya msulini. Kwa maumivu, parasitamo yatosha hadi daktari aseme vingine.

Kisha barua hiyo isifichwe kabatini pamoja na hati ya shamba. Ipelekwe kwa mganga msimamizi wa kituo cha afya, kwa wanaopanga safari za magari ya wagonjwa ya kaunti, na kwa wahudumu wa Msalaba Mwekundu, ambao nambari yao ya bure ni 1199. Mzazi aende mwenyewe, aketi nao, amtambulishe mtoto kwa uso. Awaulize: gari likiitwa usiku litatoka wapi? Litampeleka kwenye kitanda kilicho karibu, au penye fakta? Ni nani mwenye idhini ya kuamua? Nyumba zetu hazina nambari za mtaa, basi wakubaliane alama: msikiti gani, njia panda ipi, nani atasimama barabarani na tochi. Mhamasishaji wa afya ya jamii apewe nakala, na mwalimu wa madrasa naye, kwa kuwa mtoto hushinda kwake saa nyingi.

Na dawa je? Gari la wagonjwa kwa kawaida halibebi fakta. Familia iliyopewa akiba yapaswa kuitunza katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, au kama kijikaratasi chake kisemavyo, na kusafiri nayo pamoja na mtoto. Nyumba isiyo na friji imwombe mganga ushauri mapema; zahanati nyingi zina jokofu la chanjo lenye baridi iyo hiyo.

Limebaki la mto. Nani wetu asiyekumbuka mafuriko ya 2018, na ya mwishoni mwa 2023, barabara zilipokatika na vijiji vikageuka visiwa? Aprili 2024 boti ya abiria ilipinduka katika maji hayo karibu na Madogo, watu wakafa. Kwa hiyo mpango wenye njia moja tu ni nusu ya mpango. Mwenye boti naye aingizwe katika mazungumzo. Mvua zikitabiriwa kuwa kubwa, familia izungumze na daktari juu ya kumhamishia mtoto kwa jamaa Malindi au Mombasa kabla maji hayajafika, wala si baada.

Tohara yenyewe haifutwi. Huahirishwa, ikafanywa hospitalini chini ya mtaalamu, fakta ikiwa tayari. Mama ambaye kaka yake au mjomba wake aliwahi kuvuja damu kupita kiasi amweleze daktari hata kabla ya kujifungua, ili mtoto apimwe mapema.

Jambo dogo husahauliwa: kiasi cha fakta hufuata uzito, na mtoto hukua. Barua iliyoandikwa Muharram huenda isimfae tena ifikapo Shaaban. Kila aendapo kliniki apimwe uzito upya, barua iandikwe upya, na nakala za zamani zikusanywe kwa wote waliopewa.