Fukwe za peke yako kule Mediterania: unafikaje kwa yoti, na kwa nini nyingine zimefungwa

Lazima mmeshaziona zile picha: yoti nyeupe imetulia juu ya maji kama kioo, nyuma jabali, mbele kimchanga kidogo, mtu hakuna. Unabaki unajiuliza, hawa jamaa wamefikaje pale? Na mbona hakuna hata kibanda cha soda? Leo tulijadili hilo.

Kwanza, kwa nini hakuna watu. Visiwa vingi vya Mediterania vina majabali yanayoshuka moja kwa moja baharini, na katikati yake kuna vighuba vidogo. Kule Mallorca na Ibiza, Hispania, kighuba kama hicho wanakiita cala. Barabara nyingine hazifiki, na njia ya miguu ni mawe matupu. Mlango unaobaki ni bahari.

Pili, bahari yenyewe si kama yetu. Sisi wa Pwani tunajua maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua tofauti inapita mita 3, ukizembea boti unaikuta imelala ubavu mchangani. Mediterania sehemu nyingi haifiki hata nusu mita, ndiyo maana yoti inakaa karibu na ufukwe siku nzima. Kinachowasumbua wao ni upepo. Ugiriki kuna unaoitwa meltemi, unavuma kutoka kaskazini wakati wa kiangazi hata kama anga ni jeupe kabisa. Nahodha mwenye akili huchagua kighuba cha upande uliojikinga. Upepo ukigeuka usiku, ng'oa nanga, hameni.

Na si lazima uwe tajiri wa kumiliki yoti. Wengi wanakodi kwa wiki na kuchangiana. Kama huna cheti cha unahodha, unakodi pamoja na nahodha. Mkishafika mnatia nanga, kisha mnaenda nchi kavu kwa kuogelea au kwa kiboti cha mpira.

Sasa hapo kwenye nanga ndipo penye kasheshe.

Chini ya maji yale kuna majani yanaitwa posidonia. Si mwani, ni mmea kamili wenye mizizi, maua na mbegu. Samaki wanazalia humo, na mizizi inashikilia mchanga usihame. Lakini unatambaa sentimita chache tu kwa mwaka. Nanga moja na mnyororo wake unaozunguka na upepo vinafyeka kwa usiku mmoja kitu kitakachochukua miaka mingi kurudi. Ndiyo maana visiwa vya Balearic vilitoa amri mwaka 2018 kukataza kutia nanga juu ya majani hayo. Unatazama rangi: maji mepesi ya kijani ni mchanga, tia nanga. Doa jeusi ni majani au mwamba, pita. Penye boya, funga kwenye boya.

Mnaona ni mambo ya wazungu kupenda nyasi? Subirini. Katika kisiwa cha Budelli, karibu na Sardinia, Italia, kuna ufukwe wenye mchanga wa waridi. Rangi ile inatokana na magamba ya viumbe vidogo sana wanaoishi kwenye posidonia. Wageni walikuwa wanashuka na kujibebea mchanga kama ukumbusho, mwishowe mwaka 1994 ukafungwa. Siku hizi unautazama kwa mbali tu, kukanyaga marufuku.

Navagio, kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, ni kisa kingine. Pale meli ya Panagiotis ilikwama mwaka 1980, na mabaki yake ndiyo yaliyoupa ufukwe umaarufu. Mwaka 2018 jabali lilimeguka watu wakaumia, mwaka 2022 tetemeko likaporomosha tena, na mwaka 2023 boti zikakatazwa kushusha watu.

Kwa hiyo mnaona, ufukwe ule ulibaki mzuri kwa sababu haukufikika. Boti ikaufikisha kwa kila mtu mwenye hela, na uzuri ukaanza kuondoka na nanga, tena mwingine ukatiwa mfukoni. Mimi nasema bora kufunga kuliko kumaliza. Lakini je, ni haki kizazi chetu kuishia kutazama picha tu, wakati waliotangulia walikanyaga na kubeba? Wadau, mnasemaje?