Watoto wa safu ya nne

Fomu ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ya wagonjwa wa nje, ile ambayo zahanati huijaza kila mwisho wa mwezi na kuipeleka wilayani, kwa miaka mingi imeugawa umri wa Mtanzania katika safu tano. Ya kwanza ni ya mtoto asiyetimiza mwezi. Ya pili, mwezi hadi chini ya mwaka. Ya tatu, mwaka hadi chini ya miaka mitano. Kisha inakuja safu ya nne: miaka 5 hadi chini ya miaka 60. Ya tano ni ya wazee.

Nilikuwa natafuta takwimu za malaria, nikakwama kwenye safu hiyo ya nne. Humo yumo binti wa darasa la tatu, na humo humo yumo mvuvi wa kamba mwenye miaka 59. Kifafa kina mstari wake kwenye fomu, na magonjwa ya akili yana mistari yake michache. Lakini muuguzi wa zahanati ya delta ya Rufiji akishaandika "1" kwenye safu ya nne, anayeisoma wilayani, Kibiti mjini, hana namna ya kujua kama mgonjwa huyo ni mtoto au babu yake. Kabla ya miaka mitano tunamhesabu mtoto hadi kwa miezi. Akishatimiza mitano, hatumwoni tena.

Wilaya nyingine jambo hili lisingenisumbua sana. Lakini hapa Kibiti ni miongoni mwa mahali nchi ilipojifunzia kuhesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kibiti ikiwa bado ndani ya Rufiji, Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada waliendesha mradi wa afya wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Kuanzia 1998 wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba mara tatu kwa mwaka, Ikwiriri, Kibiti, Bungu, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Palipokuwa na msiba, waliketi na wafiwa wakauliza dalili moja moja: homa ilianza lini, alitapika, alipata degedege? Majibu yakawekwa kwenye chati ambazo timu ya afya ya wilaya iliweza kuzisoma yenyewe, ikaona watoto wanakufa kwa nini na fedha zinakwenda wapi. Bajeti ikaelekezwa kwenye vinavyoua. Nyongeza iliyotumika haikufika dola moja kwa mkazi kwa mwaka, na katika miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Don de Savigny, mtaalamu wa epidemiolojia, alikuwa miongoni mwa watu wa mradi huo, pamoja na Watanzania Harun Kasale na Conrad Mbuya. Mwaka 2009 yeye na Taghreed Adam walihariri ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu kufikiri kimfumo katika afya, na nadhani aliyeishi na habari za Rufiji ataisikia Rufiji ndani yake. Hoja yake ni kwamba hakuna huduma inayoingizwa mahali ikakaa peke yake. Ukigusa dawa umegusa fedha. Ukigusa fedha umegusa watumishi. Watumishi ndio wanaoandika taarifa, na taarifa ndizo anazosoma kiongozi anapoamua juu ya dawa. Katikati ya yote anawaweka watu. Ushauri wake wa kwanza unafahamika kwa yeyote aliyewahi kukaa barazani: kabla ya kupanga lolote, waite wote wanaoguswa, wawaze pamoja kitatokea nini kwingineko, kizuri na kibaya.

Basi tufuate njia yake, kwa mfano wa kufikirika. Mtoto mwenye kifafa anaanguka darasani katika kijiji cha visiwani. Wenzake wanakimbia, anarudishwa nyumbani, mama anaambiwa ni mashetani. Akipata nauli ya boti, na maji yakiwa yamejaa, anamfikisha zahanati. Fenobabitali, dawa ya kifafa, haipo, kwa sababu dawa huagizwa kwa kufuata matumizi yaliyopita, na yaliyopita ni kidogo. Mwezi unaofuata mama haji. Fomu inaandika sifuri. Mpango wa afya wa halmashauri unaisoma sifuri hiyo na kutenga fedha kwa kadiri yake, na mwakani dawa haipo tena. Ukimsimamisha kila mmoja, muuguzi, mfamasia, mpanga bajeti, utakuta kafanya kazi yake ilivyoandikwa.

Na kifafa ndicho chepesi, maana kinaonekana; huzuni haionekani. Mwaka 2017, wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa Kibiti na Rufiji mmoja baada ya mwingine, na Aprili 13 askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa. Novemba mwaka huo mwandishi mwenzetu Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka. Waliokufa walikuwa na watoto. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba, na kimbunga Hidaya kikafuata mwanzoni mwa Mei, baadhi ya watoto hao walikuwa sekondari, wakibeba msiba wa pili juu ya wa kwanza.

TEHIP ilipima kwa vifo, na kwa wakati ule ilikuwa sahihi: watoto walikuwa wanakufa. Mtoto mwenye huzuni anaendelea kuishi. Anakwenda shambani, analinda mpunga juu ya dungu, anaacha kuongea. Hakuna mdodosaji aliyetumwa kumuuliza.

Kuikata safu ya nne, miaka 5 hadi 9, 10 hadi 14, 15 hadi 19, ni kazi ya karatasi na programu. Naiunga mkono. Ila de Savigny angeuliza haraka: halafu nini? Mwalimu wa unasihi akileta watoto ishirini, nani atawapokea? Muuguzi aliye peke yake ataongeza safu ngapi kabla hajaacha kujaza kwa ukweli? Kuna swali jingine ambalo ripoti haikulijua. Mwaka 1998 mgeni mwenye daftari alikaribishwa, akaambiwa nani kafa na kwa nini. Baada ya 2017, ni mama gani wa Kibiti atamwambia mgeni mwenye daftari mwanawe anaota nini usiku?

Halmashauri ya Kibiti inapoandaa mpango wake wa afya wa mwaka ujao, iwaite mezani walimu, masheikh na walimu wa madrasa, maofisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waganga wa jadi na manahodha wa boti za Nyamisati, iwaulize wanawaona watoto gani ambao fomu haiwaoni. Nawe msomaji, ukimjua mtoto aliyebadilika ghafla, mpeleke kituo cha afya, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Kupiga ni bure.